Skyrim: mchezo ni wa kampuni, lakini jasho ni la nani?

Alhamisi tarehe 23 Aprili 2015, wachezaji wa Skyrim waliofungua Steam, duka la michezo ya video la kampuni ya kimarekani Valve, walikuta jambo ambalo hawakulizoea: bei. Vitu ambavyo siku zote vilikuwa vya bure, kama vile panga, nguo za vita na mtindo mpya wa kuvua samaki, vilikuwa vimeandikiwa dola. Siku nne kisha, Jumatatu tarehe 27, bei zote ziliondolewa na wale waliokuwa wamenunua wakarudishiwa feza zao.

Siku hizo nne zilianzisha mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo. Wenyewe wanayaita mabishano juu ya modi. Kwa mtu ambaye hachezi, yanaweza kuonekana kama ugomvi wa watoto. Lakini ukiyaangalia kwa karibu unakuta swali ambalo kila mfanyakazi anajiuliza: nikitia nguvu yangu katika kitu cha mwingine, kinachotoka humo ni cha nani?

Msomaji aliyewahi kulipa franka kidogo kwa mechi moja ya PES mahali pa kuchezea Play mtaani, akakuta timu ziko na jezi za msimu huu ijapokuwa mchezo wenyewe ni wa zamani, tayari ameona modi kwa macho yake. Kuna mtu, mahali fulani, aliyefungua fishie za mchezo, akabadilisha jezi na majina ya wachezaji, kisha akawapa wengine. Hakutengeneza mchezo. Alitengeneza juu ya mchezo.

Katika kabumbu modi inabadilisha jezi. Katika michezo ya aina ya Skyrim inaweza kubadilisha dunia nzima.

Nyundo mkononi mwa mchezaji

Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Iliundwa na Bethesda Game Studios, watu wa jimbo la Maryland huko Marekani. Ni mchezo ambamo unajichagulia mhusika: mwanamke ao mwanaume, mchawi, mwizi ao askari, na unaingia katika inchi ya milima na theluji ambayo iko wazi kila upande. Hakuna njia moja ya kufuata. Majoka yanachoma miji, kweli, lakini hakuna anayekukataza kuyaacha yachome ukaenda kuvuna kabichi katika shamba la mtu. Kampuni ilisema kwamba mchezo una mistari zaidi ya 60,000 ya maneno yanayosemwa na wahusika.

Kitu kinachotenganisha Bethesda na kampuni nyingi ni kwamba inatoa vifaa. Mwaka wa 2002, ilipouza mchezo wake Morrowind kwa ordinatere, iliweka ndani ya boksi programu inayofanana na ile waliyotumia wao wenyewe kujenga ule mchezo. Oblivion ya 2006 ilifuata njia hiyo, na Skyrim pia: Creation Kit ilitolewa bure mwezi wa Februari 2012. Ni kama fundi anayekuuzia nyumba, halafu anakuachia nyundo, msumeno na plani yake, anakwambia: ukitaka kuongeza chumba, ongeza.

Watu waliongeza vyumba. Wengine waliongeza mitaa.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kueleza. Modi haiandiki juu ya fishie ya asili. Inakuja na fishie yake ndogo ambayo mchezo unasoma kisha ule wa asili, sawa na karatasi ya plastiki inayowekwa juu ya ramani: palipo na alama mpya, unaona alama mpya, palipo patupu, unaona ramani ya zamani. Ukiwa na modi mia moja una karatasi mia moja, na ile ya juu kabisa ndiyo inayoshinda.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Tuseme modi moja inampa mhunzi wa kijiji sura mpya, na nyingine inampa nguo mpya. Hawa wawili hawakuwahi kuongea. Lakini kila modi inabeba habari zote za huyo mhunzi, si sura peke yake wala nguo peke yake, kwa hiyo ile inayosomwa mwisho inafuta kazi ya mwenzake. Tena matokeo yake yanachekesha: uso unatoka na rangi ya kijivujivu isiyofanana na shingo, na mhunzi anakusalimia hivyo hivyo kama vile hakuna kitu. Wachezaji wanapitisha mausiku wakipanga ni modi gani itangulie na ipi ifuate. Na kwa muda mrefu kulikuwa na kikomo pia: mchezo ulikuwa na nafasi 255 hivi za fishie za aina hiyo, juu ya namna ulivyoandika nambari zake. Mpaka 2017 ndipo aina nyepesi ya fishie ilileta nafuu.

Bethesda yenyewe imefaidika sana na watu hawa. Kati ya modi zinazopakuliwa zaidi za Skyrim kuna ile ambayo haiongezi joka wala upanga. Inasahihisha makosa tu: mlango usiofunguka, kazi isiyomalizika, mtu anayesahau kwamba alikufa. Ni makosa ambayo kampuni iliuza na haikuyarekebisha, na watu wa nje waliyarekebisha, moja kwa moja, miaka na miaka. Bure.

Saa elfu mbili

Ili kuelewa uzito wa neno hilo "bure", inafaa kuhesabu.

Mwezi wa Julai 2013, kijana mmarekani wa miaka 19, Alexander Velicky, alitoa modi inayoitwa Falskaar. Ilikuwa kisiwa kizima chenye vijiji, mapango, hadithi yake na sauti za waigizaji zaidi ya ishirini waliojitolea. Alieleza kwamba ilimchukua saa karibu 2,000. Mfanyakazi anayefanya saa nane kwa siku anahitaji siku 250 za kazi kufikisha hesabu hiyo, yaani mwaka mzima wa ofisi. Velicky hakuficha nia yake: alitaka Bethesda imwone na kumpa kazi. Bethesda haikumchukua. Alichukuliwa na kampuni nyingine ya Marekani, Bungie, waliotengeneza Destiny.

Mwingine ni Nick Pearce wa Australia. Alikuwa mwanasheria. Jioni, kisha kazi, alijenga ndani ya Skyrim muji wa chini ya ardhi wenye sheria moja ya kuogopesha: mtu mmoja akifanya zambi, wote wanakufa. Muda si silaha ndio unaosaidia humo. Unarudi nyuma, siku inaanza tena, unauliza watu maswali mengine. Saa 1,700 hivi, kwa miaka mitatu. The Forgotten City ilitoka 2015, na mwaka uliofuata ilipata zawadi ya chama cha waandishi wa Australia, jambo ambalo hakuna modi iliyowahi kulipata. Pearce akaacha sheria.

Lakini angalia kilichomlazimu kufanya. Ile modi ilikuwa imejengwa kwa mawe ya Bethesda: magofu yao, historia yao, wahusika wa dunia yao. Hakuweza kuichukua akaenda kuiuza. Basi yeye na wenzake wachache waliijenga upya toka msingi kwa programu nyingine, wakahamisha hadithi kwenye muji wa Waroma wa zamani, na wakaiuza kama mchezo wao mwezi wa Julai 2021. Wazo lilikuwa lake. Kuta hazikuwa zake.

Kuna pia kazi zisizo na mtu mmoja nyuma yake. Morrowind ya 2002 inaonyesha kisiwa kimoja tu cha jimbo linalobeba jina hilo. Sehemu kubwa ya bara haikutengenezwa. Kundi la wenye kujitolea, Tamriel Rebuilt, lilijipa kazi ya kuijenga hiyo sehemu iliyobaki. Lilianza 2001, hata kabla mchezo haujatoka, na bado linaendelea. Waliokuwa wanafunzi walipoanza leo wana watoto wanaosoma. Wanatoa kipande kimoja kila kisha miaka kadhaa: pwani hii, muji ule, na vijiji vya katikati. Wajerumani wa SureAI nao walichukua mwili wa Skyrim wakatoa humo, mwaka wa 2016, mchezo mwingine kabisa wenye inchi yake na dini zake, Enderal. Nao ni wa bure.

Na kuna watafsiri. Skyrim iliuzwa kwa kifaransa, kijerumani, kirusi na lugha nyingine kadhaa, lakini si kwa zote. Maneno ya mchezo yanakaa katika fishie za pekee, kwa hiyo mtu anaweza kuyatoa, kuyatafsiri na kuyarudisha bila kugusa kitu kingine. Ndivyo walivyofanya watu wa Brazil na wa Hungaria, ambao kampuni haikuwafikiria. Kiswahili hakiko kati ya lugha za kampuni. Mlango uko wazi kwa lugha yoyote inayoandikwa kwa herufi kama zetu. Kinachohitajika ni mtu mwenye ordinatere, umeme usiokatika, na miezi mingi ambayo hakuna atakayemlipa.

Siku nne za Aprili

Turudi sasa kwenye 2015. Mpango wa Valve na Bethesda ulionekana wa haki kwa juu: mtu anayetengeneza modi anaweka bei, anayetaka analipa. Kisha watu wakasoma mgawanyo. Kwa kila dola, Valve ilichukua senti 30, Bethesda senti 45, na mwenye kazi akabaki na senti 25. Zaidi ya hapo, feza hazikutumwa kabla sehemu yake haijafika dola 100. Maana yake, modi ya dola mbili ilipaswa kuuzwa mara 200 kabla mwenyewe hajagusa hata senti.

Hasira ilipanda kutoka pande mbili ambazo hazikupatana hata kidogo. Wachezaji walikataa kulipa kitu kilichokuwa bure. Barua ya kupinga kwenye intaneti ilipata saini zaidi ya laki moja kwa siku hizo chache. Watengenezaji wengi wao walikasirikia ile senti 25. Wengine, na hao ndio naona walikuwa na sababu nzito kuliko wote, walikasirikia jambo ambalo halikuandikwa katika hesabu yoyote: ruhusa.

Mfano ni ile modi ya kuvua samaki. Ilikuwa kati ya za kwanza kuuzwa, na ilikuwa kati ya za kwanza kuondolewa. Ndani yake ilitumia miendo ya mwili iliyotegemea kazi ya mtengenezaji mwingine, ambaye alikuwa ameitoa bure na hakukubali iuzwe. Wakati kila kitu kilikuwa bure, mambo hayo yaliisha kwa salamu: natumia kitu chako, nitaandika jina lako. Modi moja ilisimama juu ya nyingine, hiyo juu ya nyingine tena, na hakuna aliyehesabu. Siku dola ilipoingia, kila tofali likawa na mwenyewe. Tumeona kitu cha namna hiyo katika mashamba ya ukoo: watu wanalima pamoja miaka ishirini bila neno, mpaka siku mnunuzi anapofika.

Gabe Newell, mkubwa wa Valve, alikuja mwenyewe kujibu watu mwishoni mwa juma hilo. Alisema kwamba kwa ujumla mpango ulikuwa umeingiza kama dola 10,000 tu, na kwamba usumbufu wa barua peke yake uligharimu kampuni zaidi ya hapo sana. Jumatatu mambo yakafungwa.

Wengi waliita hiyo ushindi. Mimi nasita. Kilichoshinda ni modi kubaki bure, na bure inawapendelea wale ambao tayari wana mshahara, stima na wazazi wa kuwapa chakula. Velicky alikuwa na mwaka mmoja wa kutoa. Mwenye kipaji kama chake ambaye anapaswa kutafuta cha kula jioni hawezi kuingia katika mchezo huo, hata kama programu ni ya bure. Ile senti 25 ilikuwa mshahara mbaya. Hata hivyo sikusikia wengi wakidai senti 60 katika ile kelele, walidai sifuri.

Bethesda ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka wa 2017 ilifungua Creation Club, ambapo yenyewe inachagua watengenezaji, inawapa mkataba na kuwalipa, kisha inauza. Desemba 2023 iliongeza mpango ambao mtengenezaji aliyekubaliwa anaweza kuuza kazi yake ndani ya Skyrim na kupata sehemu. Safari hii hakukuwa na saini laki moja. Labda watu walichoka, ao waliona kwamba za bure bado zipo pembeni kwa makumi ya maelfu.

Hata huko za bure zilipo kuna malumbano. Nexus Mods, ghala kubwa la modi lililoanzishwa na mwingereza Robin Scott mwaka wa 2001, lilitangaza mwaka wa 2021 kwamba fishie hazitafutwa tena kabisa, hata mwenyewe akitaka, kwa sababu lilikuwa linaandaa mikusanyo ya modi ambayo ingeharibika kipande kimoja kikitoweka. Liliwapa watengenezaji mwezi mmoja wa kuamua. Wamoja waliondoa kazi zao za miaka mingi katika mwezi huo. Waliona kwamba haki pekee waliyobaki nayo, ile ya kusema "natoka na kitu changu", ilikuwa inachukuliwa.

Kampuni inapobadilisha kufuli

Kuna upande mwingine ambao wachezaji wanaujua sana, na ambao unaonyesha nani kweli ana ufunguo wa nyumba.

Modi zenye nguvu zaidi hazitegemei Creation Kit peke yake. Zinasoma ndani ya programu yenyewe ya mchezo, mahali kamili panapokaa kila kitu. Kampuni ikitoa toleo jipya, hata la kurekebisha kitu kidogo, mahali hapo panahama, na modi inabisha hodi kwenye nyumba ambayo haiko tena. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2021, Skyrim ilipofikisha miaka kumi na kampuni ikatoa toleo la kusherehekea. Kwa siku kadhaa, watu walioamka na kukubali lile toleo walikuta mchezo wao haufunguki, na wajitoleaji waliingia kazini usiku na mchana kutengeneza upya.

Kisa kilichouma zaidi ni cha Fallout: London. Kundi lililojiita Team FOLON lilifanya kazi miaka mitano hivi kujenga muji wa London ulioharibiwa na vita vya nyukilia, juu ya mchezo mwingine wa Bethesda, Fallout 4. Njiani Bethesda ilimchukua mwandishi wao mkuu kuwa mfanyakazi wake, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba haikuwajua. Tarehe ya kutoka ilikuwa imetangazwa: 23 Aprili 2024. Kisha, mwezi huo huo, filamu ya mfululizo ya Fallout ikiwa imeanza kuonyeshwa na dunia nzima ikiongea juu yake, Bethesda ilitangaza toleo jipya la Fallout 4 kwa tarehe 25. Siku mbili kisha yao. Toleo hilo lingevunja kila kitu.

Hakuna aliyewavunjia sheria. Mchezo ni wa Bethesda na inaubadilisha inapotaka. Walichofanya ni kuahirisha. Fallout: London ilitoka tarehe 25 Julai 2024, bure, kupitia duka la GOG, na ilikuja na maelekezo ya kumrudisha mchezaji kwenye toleo la zamani la Fallout 4 kwanza. Nusu milioni ya watu waliichukua siku ya kwanza. Ina uzito wa giga makumi kadhaa. Kwa mtu anayenunua mega kwa siku kama sisi, hiyo "bure" nayo ina bei yake.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Skyblivion. Hao ni wenye kujitolea ambao kwa zaidi ya miaka kumi wamekuwa wakijenga upya Oblivion, mchezo wa 2006, ndani ya Skyrim, jiwe kwa jiwe, ili vijana wa leo waucheze kwa sura ya leo. Walikuwa wametaja 2025 kuwa mwaka wao. Tarehe 22 Aprili 2025, bila matangazo ya mbele, Bethesda ilitoa Oblivion yake yenyewe iliyotengenezwa upya, na ikaanza kuiuza siku hiyo hiyo.

Kwa Skyblivion, kampuni ilituma nakala za bure za ule mchezo mpya. Kundi lilishukuru mbele ya watu wote, likasema linaendelea, na baadaye likasogeza tarehe yake kwenye 2026.